Kamera Bubu

Jumatatu, 9 Juni 2025

Kla-chak. Sauti hiyo haijanitoka. Ilikuwa ya kamera ya Baba, kioo cha ndani kikipanda na kushuka upesi, kama mtu anayefunga kabati kwa hasira ndogo. Nimekua nayo. Kati ya chumba changu na studio yetu hapa Kizota kuna ukuta wa tofali moja tu. Baba alifariki mwaka jana. Sauti ikabaki ndani ya boksi.

Bibi Emiliana, mama yake Baba, aliipa kamera ile jina. Bibi ni Msandawe wa Chemba, na lugha yao ina milio ya ulimi. Jina lenyewe haliandikiki. Aligonga ulimi kwenye kaakaa, mlio mkavu na mwingine wa chini yake, na hapo ilikuwa kamera yenyewe. Mbuzi waligeuka kutazama. Baba alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nimezaliwa mjini, nina shahada, na ulimi wangu hauwezi. Nikijaribu natoa sauti ya mtu anayenyonya mfupa.

Sasa niandike nilichofanya. Mwezi wa tatu niliichukua kamera ya Baba nikampelekea Nurdini, muuza kamera wa mjini, tukabadilishana. Nikapewa ya kisasa, isiyo na kioo. Ful-fremu! Kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga ni kikubwa kama filamu za zamani, kwa hiyo inaona gizani kuliko paka. Inalitafuta jicho la mtu yenyewe na kuling'ang'ania. Nyepesi kama mkate. Ni ya daraja la chini katika jamii yake, sikatai: tundu moja tu la kadi, betri kama kiberiti. Sawa na kuzaliwa katika ukoo wa chifu, lakini nyumba ya nyuma. Ukoo ni ukoo.

Na inaweza kupiga kimya kabisa. Nilidhani huo ndio uzuri wake.

Muda si mrefu Nurdini akaiuza kamera ya Baba kwa Sila. Sila wa studio ya ng'ambo ya barabara! Mshindani wetu tangu Baba akiwa hai. Sasa nasikia kla-chak kutwa nzima, ikitoka upande usio wake.

Jioni hii Baba Mdogo Daudi amepiga simu kutoka kijijini. Bibi amerudishwa nyumbani kutoka hospitali. Wamesema apumzike tu. Mama aliweka simu chini, akaendelea kuchambua mchele aliokwisha kuuchambua.

Kuna jambo ambalo hakuna aliyelitamka. Bibi hana picha. Mwanawe alipiga Kizota nzima, na yeye ana ile ya kitambulisho cha taifa tu, ambamo anafanana na mtu aliyekamatwa. Baba alikuwa akimwambia watapiga nyumba ikishaezekwa. Nyumba ilipoezekwa, Baba alikuwa wodini.

Nitampiga mimi. Akiwa hai. Picha ya kweli, yenye uso wake wote. Nimeapa.

Jumatano, 11 Juni

Siku mbaya. Gladness, bibi harusi wa Jumamosi iliyopita, amekuja na mama yake mkubwa kuchukua picha. Nilizipanga mezani kwa majivuno. Nilikuwa nimefungua lenzi mpaka mwisho, nyuso zikatoka kama za malkia, na nyuma yao kila kitu kikayeyuka kuwa uji laini. Uji mzuri sana.

Mama mkubwa alizipitia zote, kisha akauliza ukumbi uko wapi. Nikamwonyesha uji. Akauliza keki iko wapi. Nikamwonyesha uji mweupe. Akauliza wakwe waliotoka Mpwapwa, waliokaa meza ya mbele wamevaa sare mpya, wako wapi. Nilieleza kwamba ule ukungu ndio sanaa yenyewe, na kwamba kamera za kawaida haziwezi kuutoa. Akasema yeye amezaliwa Kibakwe, milimani, ukungu anaujua, na hajawahi kuona mtu akialikwa kuja kuutazama.

Gladness hakugomba. Alilia kidogo tu. Ingekuwa afadhali agombe.

Wakavuka barabara kwenda kumwuliza Sila kama ukungu unaondoka. Hauondoki. Sila akasimama mlangoni kwake akaniita kwa sauti ya kusikika hadi gereji.

“Msomi! Umewapiga wao bila harusi yao.”

Mafundi wa gereji wakacheka.  Mtu anayepiga picha kwa kamera ya marehemu hana la kunifundisha kuhusu mwanga.

Kesho kutwa naenda kwa Bibi. Mama amesema nitangulie, yeye atakuja. Amesema hivyo tangu mazishi ya Baba. Hajarudi kule.

Ijumaa, 13 Juni

Nimefika. Kijiji kiko mbele ya Kwa Mtoro. Upepo wa Juni unakata masikio. Bibi alikuwa amelazwa nje kwenye jua, kando ya ukuta, blanketi hadi kidevuni. Nilimwamkia. Akaitikia, kisha akaniambia nimekonda. Yeye! Mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko kamera.

Akauliza kile kitu kiko wapi, akagonga ulimi. Kla-chak. Ile ile, bila kukosea. Nikasema kiko kwa fundi. Akasema nimwambie fundi afanye haraka.

Nyumba ya bati aliyoijenga Baba imesimama vizuri. Mzinga wa nyuki unaning'inia pale pale kwenye mti. Kaburi la Baba liko nyuma ya nyumba kidogo, upande wa kushoto, saruji na msalaba. Nilikaa pale nikitaka kulia. Akaja mbuzi akanitafuna mkoba.

Jioni nikamgusia Bibi habari ya picha, taratibu, kama jambo lililonijia tu wakati ule.

“Picha ya nini?”

Nikasema ya ukumbusho.

“Ya kutangulia jeneza,” akasema. “Nikodemu, jirani yetu, alipougua walikuja na kamera, wakamvalisha koti. Ijumaa yake ile picha ilikuwa mbele ya jeneza. Mwenyewe hakuiona.”

Nikamwambia hakuna anayefikiria jeneza. Baba Mdogo Daudi, ambaye mchana alikuwa ameshinda kwa seremala, akageuka kuwatazama mbuzi.

Bibi amekataa. Vizuri. Ndiyo maana Mungu amewapa watu kamera zisizo na sauti.

Jumamosi, 14 Juni

Mpango wa kwanza. Asubuhi Bibi alitaka akalishwe jikoni, karibu na moto, amsimamie Zaitun, jirani anayemsaidia, asije akaharibu uji wa mtama. Nikakaa mkabala wao na kamera mapajani, chini ya kanga, lenzi ikichungulia. Kimya nimeiwasha. Mwanga hafifu, moshi, uso wa Bibi upande mmoja umeshika rangi ya makaa. 

Nikabonyeza. Kamera haikutoa sauti. Ikatoa taa! Kuna kitaa kidogo cha rangi ya chungwa mbele yake, kinajiwasha gizani ili kuisaidia kulenga. Nilikisahau. Kikamwakia Bibi katikati ya kipaji cha uso.

Bibi akamwuliza Zaitun kama kaa limeruka. Zaitun akatazama, akaona kanga yangu inawaka kwa ndani. Ni mwanamke mwepesi. Alinimwagia kata nzima ya maji kabla sijafungua mdomo.

Kamera za daraja hili hazijazibwa dhidi ya maji. Nimeizika ndani ya gunia la mtama mpaka jua la alasiri, mimi nikikaa juu ya gunia kama kuku anayeatamia. Bibi alinitazama kutoka kitandani kwake muda wote.

Imepona. Nikakizima kile kitaa. Mpango wa pili: nyuma ya ghala, Bibi akiwa kwenye jua. Nikapiga nyingi, mfululizo, huku nikimshukuru aliyebuni kile chombo cha kutafuta macho. Kisha nikazitazama. Nilikuwa nimeiweka upande wa wanyama tangu siku nilipompiga paka wa Mama. Ninayo sasa picha bora kabisa ya mbuzi katika Wilaya ya Chemba. Kila unywele wa kope zake unahesabika. Nyuma yake kuna ukungu uliovaa blanketi. Huo ndio Bibi.

Betri imebaki nusu. Sola ya Baba Mdogo inachaji simu tu.

Leo Bibi hakula uji wake. Zaitun aliumwaga polepole, kwa siri, kuku wakaula.

Jumapili, 15 Juni

Nimeipata. Ee Mungu, nimeipata, na tazama nilichofanya.

Watu wa jumuiya walikuja baada ya ibada kumwombea. Alikalishwa kwenye kiti, nje. Walipokuwa wakisali alifumbua macho kabla ya wengine, akatazama juu, mwanga ukamwingia usoni kutoka pembeni. Nilikuwa nyuma ya ghala. Lenzi wazi mpaka mwisho. Kamera ikalishika jicho lake. Bila sauti, bila taa.

Sijawahi kupiga picha kama ile. Mikunjo yote ya uso, na lile jicho, na nyuma yake rangi tupu za kahawia na kijivu, laini kama pamba. Baba hakuwahi kupiga picha kama ile. Nimeliandika hilo na silifuti.

Nilishindwa kuvumilia. Watu walipoondoka nikampelekea. Aliishika kamera kwa mikono miwili kama mtu anayepakatishwa mtoto mchanga wa jirani. Akatazama muda mrefu. Akauliza nimempiga lini. Nikasema wakati wa sala. Akasema hakusikia kitu. Nikasema haina sauti. Akauliza sasa mtu atajuaje kwamba amepigwa. Nikacheka. Nilidhani ananisifu.

Kisha akauliza, “Methodi yuko wapi?”

Methodi ni Baba.  Nilidhani akili imeanza kumtoka. Nikamshika bega, nikamwambia polepole kwamba Baba alishatangulia.

Akanitazama kama mtu anayemtazama mjinga. Akaonyesha kwa midomo, kwanza kwenye picha, juu ya bega lake, kwenye ile rangi laini ya kijivu. Kisha nyuma yake, mahali penyewe. Kaburi. Lilikuwa pale. Nilikuwa nimemyeyusha baba yangu, na nilikuwa nimeusifia uji wake.

“Nyumba hakuna. Mzinga hakuna. Mwanangu hakuna,” Bibi alisema. “Umeniacha peke yangu humu.”

Nilikwenda nyuma ya ghala. Sitaandika nilivyokaa kule.

Jua likiwa linazama alimtuma Zaitun aniite. Akaniambia kesho asubuhi. Nimpige amesimama. Na viatu vyeusi alivyoletewa na Methodi, vionekane. Na nyumba. Na mzinga. Mbuzi akitaka, aje. Na Methodi. Kisiyeyuke hata kimoja. Nikamwuliza, je, habari ya jeneza? Akasema kama ni kulitangulia, atalitangulia pamoja na watu wake.

“Na usinikate,” akasema. “Mnapenda kukata watu miguu.”

Nikamwahidi. Nilimshika mguu wakati nikiahidi, sijui kwa nini.

Jumatatu, 16 Juni

Niliweka kamera kwenye stendi ya Baba. Stendi bado ninayo kwa sababu Nurdini aliikataa. Nikaibana lenzi mpaka tundu likawa dogo kama la sindano, ili kila kitu kitoke wazi, kuanzia viatu hadi msalaba. Jambo ambalo Sila angelifanya bila kufikiri. Mimi ilinigharimu shahada nzima.

Betri ilikuwa imeshakuwa nyekundu. Picha za mbuzi ndizo zilizoila.

Zaitun na Baba Mdogo walimsimamisha, akawafukuza. Alisimama na fimbo yake, gauni la kanisani, kilemba, vile viatu. Akavuta pumzi, akaibana. Nikabonyeza. Kimya. Nikasema tayari, Bibi. Hakutikisika. Macho yalianza kumjaa maji kwa kutopepesa. Nikasema tena tayari. Akasema kupitia meno kwamba bado, hajasikia.

Nikaitazama picha kwenye kioo cha nyuma ya kamera. Alikuwa amevimba kifua kama askari wa gwaride. Haikuwa Bibi. Ilikuwa mtu anayengoja.

Kamera hii ina mlio wa bandia, nikauwasha. Tik. Bibi akasema hicho ni kipanya. Baba Mdogo akamwomba akae, atachoka. Alikuwa ameshachoka. Fimbo ilikuwa inatetemeka, na mimi nilikuwa napekua orodha za kamera kama mtu anayetafuta funguo nyumba ikiungua. Mlio mkubwa zaidi hakuna. Sauti niliyoihitaji ilikuwa Kizota, ng'ambo ya barabara, ikipiga pasipoti.

Alama ya betri ikaanza kupepesa. Nadhani Bibi aliona uso wangu. Aliachia pumzi. Akanyanyua kidevu, akanitazama ndani ya lenzi, kisha akapiga mwenyewe.

Kla-chak.

Nikabonyeza. Kamera ikazima. Giza tupu, haiwaki tena.

“Hiyo ndiyo,” akasema. “Sasa nikalishe.”

Akaketi. Nikamvua viatu. Sikujua kama nimeipata. Nimerudi njia nzima nimeshika kadi moja, iliyotoka kwenye tundu moja, ndani ya ngumi.

Nimefika. Nimeifungua kwenye kompyuta.

Ipo. Viatu vipo, vumbi juu yake. Nyumba, hadi misumari ya bati. Mzinga. Mbuzi, upande wa kulia, bila kuitwa. Msalaba, na jina la Baba linasomeka. Bibi yuko katikati, uso wake mdogo kama punje ya hindi, mdomo umefunguka kidogo, ulimi ukiwa ndio unashuka. Kama mtu anayetaka kucheka na amekumbuka kitu.

Alhamisi, 26 Juni

Bibi ametutoka alfajiri.

Baba Mdogo amepiga simu tena saa chache baadaye. Anataka picha. Uso tu, saizi ya kawaida, ya kubeba na msalaba. Anajua ninayo nzuri, nilimwonyesha ile ya wakati wa sala, nimletee hiyo hiyo. Nikasema ndiyo, Baba Mdogo.

Nilikaa mbele ya kompyuta. Picha ya ful-fremu inavumilia kukatwa. Unaweza kuuchomoa uso ule mdogo, ukaukuza, na hakuna atakayejua kwamba ulikuwa na miguu. Na ile ya ukungu iko tayari, nzuri kuliko zote nitakazowahi kupiga. Ningeitwa msanii na ukoo mzima. Nilikwishaweka mstari wa kukatia, juu kidogo ya kiuno.

Mama aliingia. Hakuwa ameingia studio tangu Baba afariki. Alisimama nyuma ya kiti changu. Akaangalia, akanyoosha kidole, akagusa kioo pale kwenye msalaba, kisha akakishusha mpaka chini.

“Amevaa viatu,” akasema.

Akatoka. Nikauondoa ule mstari.

Mashine ya kuchapa picha kubwa iko kwa Sila peke yake. Nilivuka barabara. Alikuwa na mtoto wa shule kwenye kiti cha pasipoti. Kla-chak. Nilisimama mlangoni mpaka mtoto akaondoka. Nikampa flashi yenye picha, nikamwambia ni Bibi, na asikate popote. Niliisubiri dhihaka yake. Aliangalia muda mrefu. Akasema uso ni mdogo, watu wa nyuma hawatauona.

Nikasema najua.

“Basi tuifanye iwe kubwa,” akasema. “Pole, Erica.”

Sikujua kwamba anajua jina langu.

Jumapili, 29 Juni

Tumemzika jana.

Baba Mdogo alipoiona picha alinivuta pembeni. Ilikuwa kubwa kama mlango. Akaniuliza kama nimeleta marehemu au ramani ya kijiji. Hapakuwa na nyingine. Nilikuwa nimehakikisha. Ile ya ukungu niliiacha Kizota makusudi, nikamdanganya kwamba kadi imeharibika.

Ikabebwa na wapwa wawili mbele ya jeneza. Upepo wa Chemba ukaiona. Ukaivuta, wapwa wakaenda upande, katekista akaenda upande, wimbo ukayumba, na picha nusura iwaingize wote kwenye zizi. Nilitaka ardhi inimeze. Kisha nikasikia watu wanacheka, wale kina mama wazee waliojitanda kanga, kwa kuzuia, mkono mdomoni. Mama naye. Alikuja. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka.

Iliegemezwa ukutani. Watu walipopita kuaga walifika pale na kuinama, mmoja mmoja, kumtafuta. Walisogeza uso karibu. Walionyesha kwa midomo: mzinga ule, mbuzi wa Emiliana yule, Methodi huyu hapa. Wakimwona walikaa naye kidogo kabla ya kuinuka. Ajuza mmoja aliinama muda mrefu kuliko wote, akautazama ule mdomo uliofunguka, akagonga ulimi. Kla-chak. Aliisoma! Hakuwa amejulishwa na mtu.

Nilishindwa kupiga picha hata moja. Aliyepiga ni Sila. Alikuja na watu wa Kizota, hajaalikwa. Jeneza lilipokuwa linashuka kando ya Baba, kamera ya Baba ilikuwa inalia juu yao wote wawili, na kwa mara ya kwanza haikulia kutoka upande usio wake.

Baadaye Sila alinivika mkanda wa kamera hiyo shingoni. Akasema hiyo ni rambirambi, ni ya kwetu, nisijibu kitu. Akaenda kunawa.

 Nilishika tu ile kamera, nzito kama mtoto aliyelala.

Jumatano, 9 Julai

Kamera ya Baba ilikaa rafuni siku zote hizi. Kila jioni niliibonyeza mara moja, bila kadi, na Mama alikuwa akigonga ukuta kutoka upande wa pili. Hatukuzungumza juu ya jambo hilo. Lilikuwa zuri.

Sila naye amejinunulia kwa Nurdini kamera isiyo na kioo, kama yangu. Analalamika kwamba wateja wanamwuliza kila dakika kama tayari. Nimemwonea huruma kidogo. Kidogo.

Ila nimegundua kitu. Nilipekua mafaili yote ya studio. Mama hana picha. Ana ya harusi, kichwa kimegeuka, na nyingine ambazo anaingia au anatoka. Nilimwomba mara moja tu. Akafunika uso kwa kanga, akasema akimaliza kuomboleza. Nikamjaribu jikoni, kimya, kitaa nimekizima. Akanigeuzia mgongo kabla sijabonyeza. Nina migongo mingi sana ya Mama.

Nimelifikiria kwa kina, na nimejifunza. Kwa Bibi kosa langu lilikuwa kukaa karibu mno. Kumbe ni umbali tu! Dirisha la studio linatazama kamba ya nguo. Kwa lenzi ndefu Mama hatajua kabisa. Na lenzi ndefu inayeyusha vizuri kila kilicho nyuma, na nyuma pale kuna gereji tu na benchi bovu alilokuwa akikalia Baba.

Nurdini anayo lenzi hiyo. Alitaka kitu cha kubadilishana.

Nimeshampelekea ile ya rafuni, leo asubuhi. Aliigeuza geuza kwenye mwanga, akaiweka karibu na sikio, akaibonyeza. Akaniuliza kama nina uhakika. Nikasema ndiyo, na asimwuzie Sila.

Lenzi nimeshaifunga kwenye kamera yangu bubu. Mama yuko kambani, anaanua nguo. Hajasikia kitu.